BERTHA PAPPENHEIM: ALIYESIKILIZWA AKAWASIKILIZA WENGINE

Hapa kwetu Kemambo mwenye matatizo ya ndoa au familia anaambiwa avumilie tu. Ndo maana leo namkumbuka mama huyu Myahudi, Bertha Pappenheim, aliyezaliwa Vienna mwaka 1859.

Mwaka 1880 alikuwa anamuuguza baba yake, mara akaugua yeye. Viungo vikapooza, maneno yakampotea. Daktari Josef Breuer akawa anaenda kwake kumsikiliza. Akiongea, anapata nafuu. Yeye mwenyewe akaiita tiba ya maongezi. Hakupona ghafla jamani, alilazwa tena mara kadhaa. Mwaka 1895 Breuer na Freud wakaandika habari zake kwa jina la Anna O.

Kwao walikuwa na uwezo wa kumlipa daktari. Masikini je? Mwaka 1904 akaanzisha umoja wa wanawake wa Kiyahudi Ujerumani, na 1907 akafungua nyumba Neu-Isenburg ya wasichana waliokuwa hatarini na mama wasioolewa pamoja na watoto wao. Akafariki 1936.

Nikisikia mabinti waliokimbilia Masanga au Mugumu kukwepa ukeketaji, namuwaza yeye. Kwenu nyumbani nani anamsikiliza nani? Tupeni maoni.