Rubens, fundi mkubwa aliyekopia bila haya

Ku Butembo na Beni, kijana anayechora kwa kuangalia picha ya mwingine anachekwa haraka: eti anaiba, hana akili yake mwenyewe. Basi tusimulie maisha ya Peter Paul Rubens, mchoraji wa Anvers, mji ule wa Ubelgiji ambao watu wa diamant wanaujua kwa jina.

Alizaliwa Siegen, Ujerumani, mwaka 1577. Baba yake alikufa yeye angali mutoto, mama akarudi na watoto Anvers. Alifundishwa na waalimu watatu, mmoja nyuma ya mwingine, na mwaka 1598 chama cha wachoraji kikamkubali kuwa fundi. Mwingine angesema masomo yamekwisha. Yeye, mwaka 1600, akashika njia ya Italia, akakaa kule miaka 8.

Mwalimu aliyemtamani zaidi ya wote ni Titien wa Venise. Lakini Titien alikufa mwaka 1576, mbele Rubens azaliwe. Namna gani mutu anafundishwa na marehemu? Kwa kukopia kazi yake.

Rangi ya mafuta ina siri ambayo macho peke yake hayashiki. Inasagwa na mafuta ya mbegu za kitani, inakauka polepole. Kwenye kivuli inapakwa nyembamba, kwenye mwangaza, sawa vile paji la uso na ncha ya pua, inapakwa nzito. Ikishakauka, juu yake inapitishwa rangi nyepesi kama kioo, njo ngozi inapata uhai. Anayekopia sura anatafuta fundi alianzia wapi na aliishia wapi, kama mchimbaji anayefuata mshipa wa dhahabu ndani ya jiwe.

Rangi zenyewe nyingi zilitoka chini ya udongo. Nyekundu ya wakati ule ilitoka ku jiwe lile lile linalozaa zebaki, ile mercure ya kukamatia dhahabu. Bluu ya bei kali ilitoka ku milima ya Afghanistan. Nyeupe ilitengenezwa na risasi, nayo ni sumu. Nyuma ya kila picha kulikuwa jasho la wachimbaji.

Mwaka 1628 Rubens alifika Madrid. Alikuwa na miaka 51, tajiri, mwenye jina, tena mjumbe wa kutafuta amani kati ya Hispania na Uingereza. Ndani ya nyumba ya mfalme mulikuwa picha mingi za Titien. Akakaa mbele yake tena kama mwanafunzi. Alikopia Adamu na Eva, lakini Adamu akamkalisha namna ingine, na juu ya mti akaongeza kasuku mwekundu. Mkono ulifuata, akili haikulala.

Alikopia pia picha ya Titien ya mfalme Charles wa Tano na mke wake Isabella. Ile ya Titien ilipotea. Leo tunaijua kwa sababu Rubens hakuona haya kuikopia.

Alikufa Anvers tarehe 30/05/1640. Ndani ya nyumba yake zilikutwa kopi zake za Titien, angali anazitunza. Kuuza kopi na kusema ni ya fundi mwenyewe, ule njo wizi. Kukopia ili mkono ujue kazi, hiyo ni masomo, na kijana wa Butembo asiyekuwa na minerval ya kulipia shule anaweza kuyaanza leo.