Hergé, Mbelgiji aliyechora Kongo bila kukanyaga udongo wake

Picha ya mwisho ya kitabu « Tintin au Congo » inaonesha kijiji chenye sanamu mbili. Moja ni ya Tintin, kijana mweupe, na nyingine ni ya mbwa wake Milou. Mtu mmoja amepiga magoti mbele yake kama vile anaabudu. Miaka zaidi ya 90 imepita, na sanamu za Tintin zipo kweli nchini Kongo: mafundi wanazichonga kwa mti, wanazipaka rangi na kuziuza kwa wageni. Hakuna anayezipigia magoti. Watu wanapatana bei tu.

Mwenye kuchora kijiji hicho aliitwa Georges Remi. Dunia inamjua kwa jina la Hergé, yaani herufi R na G, za kwanza za majina yake, zikigeuzwa na kutamkwa kwa Kifaransa. Alizaliwa Etterbeek, mjini Brussels, tarehe 22 mwezi wa tano 1907, akafariki tarehe 3 mwezi wa tatu 1983. Katika miaka 75 ya maisha yake hakufika Kongo hata siku moja.

Utoto wake haukuwa na makuu. Familia ilikuwa ya kawaida, ya Kikatoliki. Kilichomchangamsha ni uskauti: kambi, safari za miguu, mafundo ya kamba. Mwaka wa 1926 alianza kuchora hadithi za Totor, kiongozi wa kundi la skauti, katika gazeti la maskauti wa Ubelgiji. Totor ndiye kaka mkubwa wa Tintin. Wakati huo Remi alikuwa amekwisha kupata kazi kwenye gazeti la Kikatoliki Le Vingtième Siècle, si kama mchoraji bali katika ofisi ya wanaojiandikisha kununua gazeti.

Aliyemtoa huko ni mkubwa wa gazeti, padri Norbert Wallez, mtu mwenye siasa kali aliyempenda Mussolini. Mwaka wa 1928 Wallez alimpa kijana huyo nyongeza ya watoto iliyotoka kila Alhamisi, Le Petit Vingtième. Tarehe 10 mwezi wa kwanza 1929, Tintin alitokea humo kwa mara ya kwanza, akiwa safarini kwenda kwa Wasovieti. Watoto walimpenda mara moja.

Safari ya pili, Hergé alitaka kumpeleka Marekani, kwa Wahindi Wekundu. Padri alikataa. Mfalme Albert na malkia Elisabeth walikuwa wametembelea Kongo mwaka wa 1928, na Wallez alitaka vijana wa Ubelgiji waipende koloni na waende kufanya kazi huko. Mchoraji alitii. Hadithi ilianza tarehe 5 mwezi wa sita 1930 na ikaendelea kwa mwaka mzima.

Superman alizaliwa Marekani mwaka wa 1938. Lakini miaka minane kabla yake, Tintin wa Kongo alikuwa tayari na nguvu zisizo za kibinadamu, na vichekesho vyote vya kitabu vinasimama juu ya nguvu hizo. Gari lake linagongana na treni: treni ndiyo inayoanguka, gari linabaki zima. Wanamrushia mishale, naye ameficha sumaku ya umeme nyuma ya mti, mishale yote inapinda kwake. Anampa mgonjwa kidonge cha kwinini, mgonjwa anaruka na kwenda kuwinda. Watu wawili wanagombania kofia, anaikata vipande viwili, wote wanafurahi. Mwishoni anawaangusha hata majambazi wa Al Capone waliotaka almasi za Kongo.

Kama kichekesho, mambo hayo yanakwenda mbio na yanachekesha kweli. Watoto wa Kongo pia wameyacheka. Tatizo ni kwamba ili mmoja awe shujaa wa namna hiyo, ilibidi wengine wote wafanywe wajinga. Wakongo wa Hergé wana midomo mikubwa, wanasema Kifaransa kilichovunjika, wanaogopa kila kitu na hawawezi kuinua treni yao bila kupigiwa kelele. Tintin anaingia darasani kwenye misheni na kuwafundisha watoto weusi kwamba nchi yao ni Ubelgiji.

Msomaji wa Goma akitafuta eneo lake katika kitabu hicho hatalipata. Meli inafika Boma, kisha Matadi. Hakuna ziwa Kivu wala Nyiragongo. Hata hivyo kuna kitu kimoja kilichotoka upande huu wa nchi: mtu-chui, Aniota, anayevaa ngozi na kucha za chuma ili amuue Tintin usiku. Hergé hakukibuni. Katika jumba la makumbusho la Tervuren, karibu na Brussels, kulikuwa na sanamu ya mtu-chui akimnyemelea mtu aliyelala, kazi ya Mbelgiji Paul Wissaert ya mwaka wa 1913. Anioto walikuwa watu wa kaskazini-mashariki, kwa Wababali wa upande wa Aruwimi, na utawala wa kikoloni uliwatafuta pia eneo la Beni. Hivyo ndivyo Kongo ilivyoingia katika kalamu ya Hergé: kupitia kabati za vioo, magazeti na maneno ya wamisionari.

Halafu kuna wanyama. Tintin anaua swala wengi bila kujua, anamchuna nyani ili avae ngozi yake, anabeba pembe za tembo, na anamtoboa kifaru mgongoni ili amlipue kwa baruti. Yote hayo yalichapwa miaka mitano tu baada ya Ubelgiji wenyewe kuanzisha, mwaka wa 1925, mbuga ya Albert, leo Virunga, ya kwanza ya aina yake Afrika, kwa ajili ya kulinda sokwe wa milima yetu.

Hadithi ilipokwisha, gazeti liliandaa mapokezi ya Tintin kwenye stesheni ya treni ya Brussels, mwezi wa saba 1931. Kijana mmoja alivaa kama Tintin, akiwa na Waafrika kando yake, na umati ulijaa. Kitabu kilinunuliwa sana.

Kama maisha ya Hergé yangeishia hapo, kusingekuwa na mengi ya kusimulia. Lakini mwaka wa 1934 alitangaza kwamba atampeleka Tintin China, na padri mmoja aliyewalea wanafunzi Wachina wa Leuven alimwandikia kumwomba asiwachekeshe watu kwa kuwatukana Wachina. Akamkutanisha na Zhang Chongren, kijana wa Shanghai aliyesoma sanaa Brussels. Wawili hao walikuwa na umri karibu sawa. Kila Jumapili Zhang alikuja nyumbani, akamfundisha kuchora mti, mwamba, herufi za Kichina, na akamweleza jinsi Wajapani walivyoingia Manchuria mwaka wa 1931.

« Le Lotus bleu » ikatoka tofauti kabisa. Herufi za Kichina kwenye kuta za mitaa zilikuwa za kweli, nyingine zikilaani utawala wa Wajapani. Wanadiplomasia wa Japani walilalamika. Na ndani ya hadithi Tintin na rafiki yake Tchang wanacheka pamoja ujinga wa Wazungu wanaodhani kila Mchina ni mkatili. Tangu hapo Hergé hakuchora tena nchi bila kukusanya kwanza picha na nyaraka.

Alijua basi, tangu 1934, kwamba inawezekana kukaa na mtu na kumwuliza kwao kukoje. Kwa Kongo hakufanya hivyo.

Vita vilipokuja, alifanya jambo ambalo lilimfuata hadi kaburini. Wajerumani walishika Ubelgiji mwaka wa 1940, gazeti Le Soir likaendeshwa chini yao, na Hergé akakubali kuchora humo, hata picha mbaya za Wayahudi katika « L'Étoile mystérieuse ». Mwezi wa tisa 1944, Brussels ilipokombolewa, alikamatwa mara kadhaa na kuzuiwa kufanya kazi katika magazeti. Aliyemrudisha ni Raymond Leblanc, mtu aliyepigana na Wajerumani kwa siri; pamoja walianzisha gazeti la Tintin mwezi wa tisa 1946.

Mwaka huohuo kitabu cha Kongo kilitoka upya. Nyumba ya Casterman ilitaka vitabu vya rangi vyenye kurasa 62, kwa hiyo Hergé alichora yote tena. Somo la darasani likageuka: badala ya Ubelgiji, sasa Tintin anafundisha hesabu, mbili na mbili. Majina mengi ya koloni yakaondolewa. Nyuso hazikuguswa. Mwaka wa 1975, wachapishaji wa nchi za Skandinavia walipokataa kifaru kulipuliwa, Hergé alichora ukurasa mwingine ambamo kifaru anakimbia akiwa mzima. Kifaru alipata mtetezi.

Wakati wa uhuru, Casterman waliacha kukichapa kwa miaka kadhaa kwa kuogopa maneno. Kilirudi madukani karibu na mwaka wa 1970, na gazeti Zaïre la Kinshasa lenyewe lilikichapa kwa wasomaji wake. Hergé, akiulizwa, alieleza kwamba alikuwa kijana, kwamba alijua tu yale yaliyosemwa karibu naye, na kwamba kitabu hicho ni kosa la ujana. Ni maelezo ya ukweli, lakini ni mafupi kwa mtu aliyepata miaka 50 ya kuyarekebisha.

Vijana wa Kongo hawakumsubiri. Mwaka wa 1968, gazeti Jeunes pour Jeunes lilianza Kinshasa na mashujaa wake wa kuchekesha, kati yao Apolosa, polisi mwenye mwili mkubwa na mikono mizito, aliyechorwa na Boyau. Lugha yao ilikuwa ya mitaa ya Kinshasa. Baadaye Mongo Sissé, mchoraji wa « Mata Mata et Pili Pili », alikwenda Brussels kujifunza kazi katika Studio Hergé, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 akatoa vitabu vya Bingo. Kimoja kinaitwa « Bingo en Belgique »: safari ileile, lakini sasa Mkongo ndiye anayekwenda kuwatazama Wabelgiji kwao. Barly Baruti, mzaliwa wa Kisangani, alichora mwaka wa 2014 vita vya ziwa Tanganyika katika « Madame Livingstone », eneo ambalo Hergé hakulijua.

Mwaka wa 2007 Mkongo mmoja anayeishi Brussels alishtaki ili kitabu kipigwe marufuku au kiwekewe onyo. Tribinali ilikataa mwaka wa 2012, na rufaa ikashindwa mwaka huohuo.

Hergé hakuiona kesi hiyo. Miaka yake ya mwisho ilikuwa ya ugonjwa wa damu na uchovu. Mwezi wa tatu 1981 alipata furaha moja kubwa: Zhang, ambaye walipotezana tangu 1935, alifika Brussels mbele ya kamera, mzee kama yeye. Hergé alikuwa amemtafuta kwa miaka mingi, na kabla ya kumpata alimchora: « Tintin au Tibet », iliyotoka gazetini kuanzia 1958, ni hadithi ya Tintin anayepanda milima ya theluji kumtafuta Tchang ambaye kila mtu anasema amekufa.

Alipofariki, « Tintin et l'Alph-Art » ilikuwa bado michoro ya penseli, na aliacha neno kwamba hakuna mwingine ataendeleza Tintin. Vitabu vimebaki 24. Wasomaji wa zamani watakumbuka kwamba katika Kongo Tintin alikuwa na kijana wa kazi aliyeitwa Coco, aliyempikia, kumbebea mizigo na kulinda gari. Jina lake halirudi katika kitabu kingine chochote.