Mzee Patterson na risasi iliyokuwa ndani ya hewa

Tukisema risasi, si ile ya bunduki. Ni ile madini nzito ya kijivu, plomb. Clair Patterson, mtu wa Marekani, aliitafuta karibu maisha yake yote.

Alizaliwa tarehe 2/6/1922 kule Iowa, mtoto wa mpeleka-barua, akasoma kemia. Wakati wa vita ya pili ya dunia walimtuma Oak Ridge, mahali walitayarisha uraniamu ya bomu. Sehemu kubwa ya uraniamu hiyo ilitoka kwetu Kongo, Shinkolobwe, kule Katanga. (Wachimbaji wake, nani anaandika maisha yao?)

Pale alizoea mashini inayoitwa spektrometa ya masi. Watu wa Rubaya wataielewa mbio. Ukisafisha koltani, maji yanabeba udongo mwepesi, koltani nzito inabaki. Mashini hii nayo inachambua kwa uzito, lakini inachambua atomi: inazitia umeme, inazirusha kupita kwenye sumaku, nyepesi zinapinda sana, nzito zinapinda kidogo, kisha zinahesabiwa.

Nyuma ya vita, kule Chicago, mwalimu wake Harrison Brown alimpa kazi ya kupima risasi ndani ya mawe ili ajue umri wa dunia. Vipimo vikakataa. Risasi ilikuwa mingi kupita kiasi. Kumbe iliingia kutoka hewa, vumbi, nguo, hata nywele zake. Mwenye kutoka shimoni na kufika nyumbani na vumbi mwilini, watoto wakimrukia, anaelewa jambo hilo. Patterson akajenga laboratwari safi sana kule California, na 1956 akatangaza: dunia iko na miaka miliari 4,55.

Mwingine angetulia. Yeye aliuliza risasi hiyo yote inatoka wapi. Akapima maji ya bahari, akapima theluji ya Greenland: ya karibuni ilikuwa na risasi mingi kupita ile ya zamani, iliyolala chini. Tangu miaka ya 1920 kampuni zilitia risasi ndani ya esanse ili motere isigonge, na moshi ukatawanya sumu kila mahali. Sumu hiyo inaharibu akili ya mtoto hata kama mama haoni dalili yoyote.

1965 aliandika wazi. Daktari Robert Kehoe, aliyelipwa na watu wa esanse, alikuwa amefundisha miaka mingi eti risasi mwilini ni kitu cha kawaida. Watu wa petroli waliokuwa wanamlipia Patterson utafiti wakafunga mfuko. 1971 wataalamu wa Marekani waliitwa kuchunguza risasi ya hewani. Yeye, aliyeijua kuliko wengine, hakuitwa. Hakunyamaza.

Kuanzia miaka ya 1970 Marekani ikapunguza risasi katika esanse, na risasi katika damu ya watoto ikashuka. Patterson alikufa tarehe 5/12/1995. Afrika kusini ya Sahara iliiacha esanse hiyo mwanzoni mwa 2006. Algeria, nchi ya mwisho duniani, iliiacha 2021.