Bunduki na Shajara: Maisha ya Richard Meinertzhagen

Tarehe 20 Desemba 1901 reli iliyoanzia Mombasa ilifika ufuoni mwa Ziwa Viktoria, mahali ambapo Waingereza walipaita Port Florence kwa heshima ya mke wa mhandisi mmoja wa reli hiyo, ilhali wenyeji waliendelea kupaita Kisumu. Miezi mitatu baadaye, tarehe 1 Aprili 1902, mji huo mchanga pamoja na nchi yote ya mashariki ya ziwa ulitolewa Uganda na kutiwa katika Himaya ya Afrika Mashariki, ambayo ndiyo Kenya ya leo. Kwa karani wa London lilikuwa badiliko la rangi kwenye ramani. Kwa afisa kijana mwenye bunduki lilikuwa tangazo kwamba pori jingine limefunguliwa. Mwezi uliofuata, afisa mmoja wa aina hiyo alishuka melini Mombasa. Jina lake lilikuwa Richard Meinertzhagen, naye alikuwa na umri wa miaka 24.

Alikuwa amezaliwa London tarehe 3 Machi 1878 katika familia ya wenye benki. Babake alikuwa mfanyabiashara mkubwa mwenye asili ya Kijerumani, na mamake, Georgina Potter, alikuwa dadake Beatrice Webb, yule mwanasoshalisti mashuhuri. Utoto wake ulipita katika jumba la Mottisfont, kusini mwa Uingereza, ambako yeye na kakake walifuga ndege wa mawindo na kukusanya wengine. Kazi ya benki ilimchosha mapema. Akajiunga na jeshi, akapelekwa India mwaka 1899, na kutoka huko akaomba uhamisho wa kuingia katika kikosi cha askari Waafrika kilichoitwa King's African Rifles.

Ni vyema kuielewa hali ya uwindaji wa wakati huo kabla ya kumhukumu mtu yeyote. Sheria za wanyamapori za himaya hiyo ziligawanya binadamu kwa leseni. Mgeni aliyekuja kwa burudani alilipa ada kubwa, afisa wa serikali alilipa kidogo, na mwenyeji aliyekuwa akiwinda tangu enzi za mababu aliambiwa aombe ruhusa ya kufanya lile alilolifanya jana bila ruhusa. Ndovu, kifaru na kiboko walihesabiwa kwa kila leseni. Simba na chui hawakuwa na kinga yoyote. Walitiwa katika fungu la wanyama waharibifu, na aliyewaua alionekana kuwa ametenda wema. Kwa njia hiyo neno mwindaji lilibaki kwa Mzungu, na mwenzake Mwafrika akapewa jina la jangili.

Hata hivyo, nchi ya ziwa haikuwa mpya kwa watu wake. Wajaluo wa ufuoni waliwakabili viboko kwa mikuki, na meno ya mnyama huyo yalipamba vichwa vya mashujaa na wazee wao. Wanandi wa milimani, juu ya uwanda wa Kano, walikuwa na sifa nyingine: walimzunguka simba kwa duara la ngao, wakalikaza duara hilo hatua kwa hatua, hadi mnyama akakosa njia ila kumrukia mmoja wao. Mwezi Novemba 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu katika urais wa Marekani, aliwashuhudia wakifanya hivyo katika nyanda za Uasin Gishu, kisha akateremka Kisumu mwezi uliofuata kupanda meli ya Clement Hill kwenda Entebbe. Roosevelt na mwanawe waliua wanyama zaidi ya 500 katika safari hiyo. Hakuna hata mmoja waliyemuua kwa mkuki.

Miaka ya mwanzo Meinertzhagen aliipitisha katika nchi ya Wakikuyu, huko Murang'a na Nyeri. Alihesabu wanyama wa nyanda za Athi kutoka njia ya reli, akapima miili ya simba, akaandika kila jambo katika shajara. Katika shajara iyo hiyo aliandika pia jinsi alivyokishambulia kijiji kimoja cha Wakikuyu mwaka 1902, baada ya Mzungu mmoja kuuawa, na jinsi alivyoamuru watu wazima wote wa kijiji wauawe na watoto tu wasazwe. Hesabu ya wanyama na hesabu ya watu zimefuatana katika kurasa zake kana kwamba zote ni habari za mawindo. Msomaji wa leo hushtuka. Yaelekea mwandishi hakushtuka sana.

Mwaka 1904 jina lake liliingia katika sayansi. Wazungu waliopita katika misitu ya Afrika ya kati na mashariki walikuwa wamesikia fununu za nguruwe mweusi wa ajabu, mkubwa kuliko ngiri na nguruwe wote wa mwitu. Meinertzhagen alipata mabaki yake, kwanza katika mitelemko ya Mlima Kenya na baadaye katika msitu wa Nandi karibu na Kaimosi, mwendo mfupi kaskazini mwa Kisumu, ambako Wamarekani wa dhehebu la Kikweka walikuwa wamejenga misheni yao miaka miwili tu iliyotangulia. Mabaki hayo yalipelekwa London kwa mtaalamu Oldfield Thomas, naye akamtangaza mnyama huyo mwaka uo huo kwa jina la Hylochoerus meinertzhageni. Wawindaji wa misituni waliokuwa wakimla na kumkimbia nguruwe huyo kwa karne nyingi hawakutajwa katika jina hilo. Ndivyo ugunduzi wa enzi zile ulivyokuwa: kitu hakikuwapo hadi Mzungu alipokiona.

Uhamisho wake kwenda Nandi ndio uliomfanya asisahaulike. Reli ilipokata nchi kutoka Muhoroni kupitia Kibigori na Kibos hadi ziwani, ilipita chini kabisa ya milima ya Wanandi. Mwonaji wao Kimnyole arap Turukat, aliyeuawa na watu wake mwenyewe mwaka 1890, alikuwa ametabiri ujio wa nyoka atemaye moshi kutoka baharini hadi ziwani. Nyoka akaja. Vijana wa Nandi wakashuka usiku, wakang'oa nyaya za simu na parafujo za reli, wakazifua ziwe mapambo na silaha. Tangu mwaka 1895 serikali ilituma msafara baada ya msafara wa kuwaadhibu, na kila mara Wanandi walirudi. Aliyewaongoza wakati huo alikuwa mwana wa Kimnyole, Koitalel arap Samoei, mwenye cheo cha Orkoiyot. Cheo hicho hakikuwa ufalme. Orkoiyot alikuwa mwonaji na mshauri wa vita. Vijana hawakuenda kuteka mifugo bila baraka zake.

Meinertzhagen alimsoma Koitalel kama alivyowasoma wanyama. Alitafuta wapelelezi, akajua nyendo zake na watu wa karibu naye, akasadiki kwamba kichwa kikianguka mwili utalala. Jeshi kubwa lilipokuwa likijiandaa kuivamia Nandi mwezi Oktoba 1905, yeye alipanga kukutana na Orkoiyot ana kwa ana kwa mazungumzo ya amani. Ilikubaliwa kwamba kila upande uje na watu wachache.

Asubuhi ya tarehe 19 Oktoba 1905, katika kilima kilicho karibu na mahali ambapo leo ni mji wa Nandi Hills, wawili hao walionana. Meinertzhagen alisogea mbele na askari wachache tu, wengi wa askari wake wapatao 80 wakiwa wamefichwa nyuma. Koitalel alikuwa na wenzake 20 hivi. Mikono ilinyooshwa, risasi zikalia, na Koitalel akaanguka pamoja na wengi wa waliomsindikiza. Juu ya yaliyotukia katika sekunde zile kuna kauli mbili zisizopatana. Meinertzhagen alishikilia kwamba alivutwa mkono kwa hila na kwamba yeye ndiye aliyetegewa mtego. Simulizi za Wanandi zasema Orkoiyot alikuja na nyasi mkononi, ishara ya amani, akapigwa risasi akiwa katika kitendo cha kusalimu.

Mabaraza matatu ya kijeshi yaliuchunguza mkasa huo, na yote yakamwondolea lawama. Lakini wakubwa wake wenyewe hawakuridhika. Maafisa kadhaa wa himaya walinong'ona kwamba jina la Uingereza limetiwa doa, kwani ni nani angekubali tena kuitwa kwenye mazungumzo? Mwaka 1906 aliondolewa Afrika Mashariki. Anayeona kwamba mwenye hatia hafukuzwi bila kuhukumiwa, na asiye na hatia hafukuzwi kamwe, atapata taabu kuelewa uamuzi huo. Ulikuwa uamuzi wa serikali iliyoyatamani matunda ya kitendo lakini haikutaka kuonekana na mkono uliokitenda.

Na matunda yalivunwa. Msafara wa Nandi uliendelea hadi mwaka 1906: watu wakauawa kwa mamia, maelfu ya ng'ombe yakatekwa, vijiji vikachomwa. Wanandi waliokaa karibu na reli walisukumwa kaskazini, na ardhi yao ikagawiwa walowezi. Chai iliyopandwa baadaye katika vilima hivyo ilimea katika ardhi ya namna hiyo. Ukoo wa Koitalel nao haukuachwa. Mwanawe, Barsirian arap Manyei, alikamatwa mwaka 1923 na hakuachiliwa hadi mwaka 1964, na sehemu ya kifungo hicho aliipitisha Mfangano, kisiwa kilichomo katika ziwa lile lile ambalo reli ililifuata. Watu wa ukoo wa Talai waliokuwa miongoni mwa Wakipsigis nao walihamishwa kwa sheria ya mwaka 1934 na kupelekwa Gwassi, ufuoni kusini, nchi ya mbung'o na ugonjwa wa malale. Karibu na hapo ndipo lilipo bonde la Lambwe, ambapo hifadhi ya Ruma huwalinda korongo wa mwisho wa Kenya. Nchi iliyomfaa paa na mbung'o ndiyo iliyochaguliwa kuwafaa wafungwa.

Maisha ya baadaye ya Meinertzhagen yalijaa mbwembwe. Alirudi Afrika Mashariki katika Vita vya Kwanza vya Dunia, akashuhudia Waingereza wakishindwa Tanga mwaka 1914, kisha akaongoza upelelezi. Huko Palestina, mwaka 1917, alijipatia sifa kwa hila ya mkoba wenye nyaraka za uongo, uliodondoshwa makusudi ili Waturuki wauokote. Alihudhuria mkutano wa amani wa Paris, akawa mtetezi mkali wa Uzayuni. Mkewe wa pili, Anne, aliyekuwa mtaalamu wa ndege, alikufa kwa risasi mwaka 1928 huko Uskochi. Ilitangazwa kuwa ni ajali, na minong'ono haikukoma. Aliandika kitabu kikubwa juu ya ndege wa Arabuni mwaka 1954, na mwaka uo huo akalikabidhi Jumba la Makumbusho ya Viumbe la London mkusanyo wake wa ngozi za ndege zipatazo 20,000. Shajara yake ya Kenya ilichapishwa mwaka 1957. Alifariki London tarehe 17 Juni 1967, akiwa na heshima zake zote.

Heshima hizo zilianza kupukutika alipokuwa kaburini. Mwaka 1993 Alan Knox alionyesha kwamba baadhi ya ndege ambao Meinertzhagen alidai kuwawinda walikuwa wameibwa katika mikusanyo ya watu wengine na kubandikwa vitambulisho vipya. Pamela Rasmussen na wenzake wakafukua zaidi. Bundi mmoja wa India, aliyedaiwa kupatikana na Meinertzhagen mwaka 1914, alikuwa kwa hakika amewindwa na mtu mwingine katika karne iliyotangulia. Rasmussen na wenzake walipoiweka kando taarifa hiyo ya uongo na kumtafuta bundi huyo mahali pa kweli, walimkuta hai, mwaka 1997. Mwaka 2007 Brian Garfield akachapisha kitabu kilichoitilia shaka hata ile hila ya mkoba. Ilibainika pia kwamba shajara zenyewe zilikuwa karatasi zilizopigwa taipu, ambazo mwenyewe aliweza kuzitoa, kuziandika upya na kuzirejesha. Utabiri wake uliosifiwa sana, kwamba Wakikuyu wangewaasi Waingereza siku moja, ulisomwa na umma baada ya Mau Mau kwisha kutokea.

Ni ajabu basi kwamba katika vitu vyote alivyodai, yule nguruwe mweusi wa Kaimosi ni miongoni mwa vile visivyopingwa. Mnyama yupo, fuvu lipo, na jina la kisayansi lingali la Meinertzhagen. Ushahidi kuhusu mauaji ya Koitalel umekuwa kinyume chake. Kwa muda mrefu wanahistoria waliyapa maandishi ya afisa uzito wa nyaraka, na masimulizi ya wazee wa Nandi wakayaita hadithi. Baada ya kashfa ya ndege, mizani hiyo haiwezi kuachwa ilivyokuwa. Mtu aliyeghushi kitambulisho cha ndege kisichozidi kiganja, kwa faida ndogo ya sifa, hawezi kuaminiwa kwa urahisi anapoeleza kifo kilichoweza kumfikisha mahakamani. Wala si lazima kila neno la simulizi liwe kweli kwa kuwa shajara imetiliwa shaka. Ila sasa simulizi hizo zastahili kupimwa kwa uzani ule ule.

Alipoondoka Nandi, Meinertzhagen alichukua vitu vya Koitalel kama mwindaji achukuavyo pembe. Mwaka 2006 fimbo tatu za Orkoiyot, zilizokuwa zimehifadhiwa nyumbani kwa mwanawe huko Uingereza, zilirudishwa Kenya. Kwa mujibu wa Wanandi, kichwa cha Koitalel nacho kilikatwa na kupelekwa ng'ambo, na familia yake ingali inakidai ili azikwe akiwa mzima. Fimbo zilipokelewa na wazee. Fuvu bado linangojwa.