Sidi Mubarak Bombay: Aliuzwa Kilwa akiwa mtoto, akaja kuongoza misafara ya Tabora

Kama unaishi Ipuli, Kwihara au kona yoyote ya Tabora, uko jirani na njia aliyopita Sidi Mubarak Bombay zaidi ya mara moja. Burton, Speke na Stanley tumewasoma shuleni. Huyu aliyetembea na wote watatu, wengi hatumjui.

Alizaliwa miaka ya 1820 hivi kwa Wayao, karibu na mpaka wa leo wa Tanzania na Msumbiji. Akiwa na miaka kama 12 alitekwa, akapelekwa Kilwa, akauzwa, kisha akavushwa bahari hadi Gujarat, India. Hata jina la kwao likapotea. Sidi ndivyo watu wenye asili ya Afrika walivyoitwa kule, na Bombay ni mji wa huko huko.

Hakuna alichochagua katika hayo yote. Ila huko ugenini alijifunza Kihindustani. Tajiri yake alipofariki aliachwa huru, na baada ya miaka kama 20 akarudi Afrika Mashariki na kuwa askari wa Sultani wa Zanzibar.

Lugha yamtoa

Mwaka 1857 Burton na Speke walipita kwenye kituo chake, karibu na Pangani. Speke hakujua Kiswahili, lakini alikuwa mwanajeshi aliyekaa India, na Kihindustani alikielewa. Kumbe na Bombay anakijua! Akachukuliwa. Lugha aliyoipata utumwani ndiyo iliyompa kazi mpya.

Novemba 1857 msafara uliingia Kaze, kituo cha wafanyabiashara ambacho leo ni Tabora. Februari 1858 wakafika Ujiji. Burton alipougua, Bombay alikwenda na Speke kaskazini, na Agosti mwaka huo wakaliona Ziwa Nyanza, ambalo Speke aliliita Victoria.

Mwaka 1860 alirudi tena barabarani na Speke na Grant, kupitia Tabora na Karagwe hadi Buganda. Fikiria mazungumzo mbele ya Kabaka Mutesa: Speke anasema Kihindustani, Bombay anageuza Kiswahili, mwingine anamalizia kwa Kiganda. Bila Bombay, mnyororo unakatika. Safari hiyo ilimfikisha hadi Cairo, mwaka 1863.

Njia ikifungwa, zunguka

Mwaka 1871 Stanley alimfanya mkuu wa askari wake katika safari ya kumtafuta Livingstone. Walipofika Kwihara wakakuta vita kati ya Mirambo na Waarabu, na njia ya moja kwa moja kwenda Ujiji imefungwa. Baada ya kukwama kwa miezi, msafara ulizunguka kusini kupitia Ukonongo, na Novemba ukamfikia Livingstone.

Maisha hayakuwa laini. Stanley alikuwa mkali na alimpiga. Bombay naye hakuwa malaika. Mabosi wake walilalamikia ulevi na ugomvi wake. Hata hivyo wageni walizidi kumtafuta, maana alijua bei ya vitambaa, hongo ya kila mtemi, na jinsi ya kuwatuliza wapagazi wanaotaka kutoroka. Ujuzi huo aliupata kwa kuuliza, kusikiliza na kutazama, kambi baada ya kambi.

Mwaka 1873 alitoka Bagamoyo na Cameron. Wakiwa Kwihara, Chuma na Susi walipita na mwili wa Livingstone kuelekea pwani. Kazi yenyewe ilikuwa kumsaidia mzee huyo, na sasa hayupo tena. Cameron aliamua kuendelea magharibi, na Bombay akaenda naye. Novemba 1875 walitokea pwani ya Atlantiki, karibu na Benguela, Angola. Mtoto aliyeuzwa Kilwa alikuwa amevuka bara zima kwa miguu.

Chama cha wanajiografia cha Uingereza, Royal Geographical Society, kilimpa nishani ya fedha, na baadaye pensheni. Alifariki Zanzibar mwaka 1885. Yeye hakuacha kitabu. Mengi tunayoyajua yameandikwa na waliomwajiri.

Utumwa ulimnyang'anya kwao, jina na ujana wake, na hakuna cha kuusifia. Lakini alichojifunza hakuna aliyeweza kumpora. Kila maisha yalipogeuka, alianza na kile alichokuwa nacho, kisha akauliza njia.