Dk West na degedege la salamu

MTOTO James Edwin alikuwa na umri wa miezi minne pale kichwa chake kilipoanza kuinamia mbele kidogo, kikarudi, kikainama tena. Baba yake, Dk William James West, mpasuaji na mtoa dawa wa mji wa Tonbridge, Uingereza, alidhani ni mchezo wa kitoto.

Haukuwa mchezo. Miinamo iliongezeka hadi kumi, ishirini au zaidi kwa mfululizo, kichwa kikielekea magotini, kwa dakika mbili au tatu, mara kadhaa kwa siku. Haikufanana na degedege la kawaida, ambalo mwili wote hukakamaa na kutupatupa. Wakati wa shambulio mtoto hakulia. Alipokaribia mwaka mmoja alikuwa hawezi kuketi wala kuinua kichwa, ingawa aliona na kusikia vyema.

West, aliyezaliwa mwaka 1793, hakuwa mganga wa kubahatisha. Lakini kwa mwanawe alijaribu kila kilichojulikana enzi hizo: ruba, maji baridi kichwani, dawa za kuharisha, kuchanja fizi, hata afyuni. Hakuna kilichofaa. Akasafiri hadi London kuwaona mabingwa, akiwamo Sir Charles Clarke, aliyekwisha kuona watoto wanne wa aina hiyo na kuliita degedege la salamu, kwa neno lile lile ambalo Kiswahili nacho kililipata kwa Waarabu.

Februari 1841, jarida la The Lancet lilichapisha barua ya West. Baba huyo alieleza dalili za mwanawe bila kuficha na kuomba msaada wa madaktari wenzake. Pengine hakuna daktari mwingine wa zama zake aliyemtazama mtoto mmoja kwa makini kiasi hicho.

Tiba ilichelewa mno. Umeme wa ubongo wa watoto hao ulielezwa mwaka 1952, na manufaa ya dawa za homoni yakaripotiwa mwaka 1958. Ugonjwa huo, unaoanza zaidi kati ya miezi mitatu na 12, sasa unaitwa kwa jina la West. Hata leo wazazi wengi huudhania kuwa ni msokoto wa tumbo au mshtuko wa usingizini, na siku za matibabu hupotea.

West alifariki dunia mwaka 1848. James Edwin, ambaye akili yake haikukua, alimfuata mwaka 1860, akiwa na miaka 20.