Mama Aliyeingia Jela kwa Hiari Yake

Sisi wa Murera tunaijua Ruiru kwa mambo mengi: kahawa, soko, makelele ya manamba. Tena hapo Ruiru ndipo kilipo chuo cha kuwafunza askari wa magereza. Nimekipita mara nyingi ndani ya matatu, wala sikuwahi kujiuliza ni nani aliyepigania mfungwa wa kike alindwe na askari wa kike. Nilidhani mambo yalikuwa hivyo tangu hapo. Kumbe wapi!

Mama ninayetaka kuwasimulia ni Elizabeth Fry. Alizaliwa tarehe 21 Mei 1780 katika mji wa Norwich, Uingereza. Baba yake, John Gurney, alikuwa tajiri wa benki. Mama yake alifariki binti akiwa na miaka 12 tu. Ukoo wao ulikuwa wa madhehebu ya Marafiki, ndio hao hao Waquaker ambao wamisionari wao kutoka Marekani walifika Kaimosi mwaka 1902. Msichana huyu hakuwa mtawa hata kidogo, alipenda nguo za rangi na kucheza dansi. Mwaka 1798 alimsikia mhubiri Mmarekani, William Savery, na moyo wake ukageuka. Mwaka 1800 akaolewa na Joseph Fry, wakajaliwa watoto 11. Ndiyo, kumi na mmoja!

Sasa tuje jela. Mwaka 1813 Mfaransa mmoja, Stephen Grellet, alimweleza mambo aliyoyaona katika gereza la Newgate, London. Mama Fry aliwakusanya marafiki zake wakashona nguo za watoto wachanga, kisha akazipeleka mwenyewe. Askari walimwonya asiingie upande wa wanawake, ati watamrarua. Akaingia. Alikuta wanawake karibu 300 wamesongamana na watoto wao, wanalala sakafuni bila matandiko, wanapika na kufua papo hapo. Pombe iliuzwa humo humo gerezani. Aliyehukumiwa kwa kuiba kitu kidogo alikaa pamoja na muuaji, na ambaye kesi yake haijasikizwa alikaa na wote hao. Wakati huo sheria ya Uingereza ilikuwa na makosa zaidi ya 200 ambayo adhabu yake ni kunyongwa.

Msidhani alirudi kesho yake kuanza kazi. Miaka mitatu hivi ilipita, miaka ya kuzaa na ya kuuguza, na mtoto wake mmoja wa kike akafariki. Aliporudi kwa nguvu zote alianza na shule ya watoto wa wafungwa. Mwalimu alichaguliwa miongoni mwa wafungwa wenyewe, msichana aliyeitwa Mary Connor. Mwaka 1817 akaunda chama cha akina mama wa kuwasaidia wanawake wa Newgate. Hapa ndipo mimi nilipomvulia kofia. Hakuwapiga amri. Alisoma sheria moja moja, kuacha kutukana, kuacha kuombaomba, kuacha karata, na kila sheria wafungwa wakaipigia kura kwa kuinua mikono. Hebu fikirini, wakati huo mwanamke wa Uingereza, hata tajiri, hakuwa na kura ya bunge! Wakaanza kushona na kufuma, na vitu vyao vikauzwa wakapata vijisenti vyao.

Mwaka 1818 aliitwa mbele ya kamati ya bunge kueleza habari za magereza, jambo ambalo halikuwa kawaida kabisa kwa mwanamke. Mwaka huo huo alishindwa vibaya. Alimwombea msamaha Harriet Skelton, mwanamke aliyehukumiwa kifo kwa kutumia noti bandia, lakini wakubwa wakakataa na Harriet akanyongwa. Mimi nadhani mtu mwingine angekata tamaa hapo.

Kulikuwa pia na wanawake waliohamishwa kwa meli hadi Australia. Walipelekwa bandarini kwa mikokoteni iliyo wazi, wamefungwa minyororo, watu wakiwarushia matope. Mama Fry alidai wapelekwe kwa magari yaliyofunikwa, na kila mmoja apewe mfuko wenye sindano, uzi na vipande vya kitambaa ili awe na kazi njiani. Mwaka 1823 bunge likapitisha sheria kwamba wafungwa wa kike watengwe na wanaume na kulindwa na wanawake wenzao. Sheria ilipita, lakini wakaguzi wa kuhakikisha inafuatwa hawakuwekwa hadi 1835.

Watu walimsema, tena sana. Ati ameacha watoto wake nyumbani akazurura magerezani. Mwaka 1828 benki ya mumewe ikafilisika, na maneno yakazidi. Mimi na jirani yangu wa dawati tulibishana juu ya jambo hili prepu nzima. Yeye asema mama wa watoto 11 mahali pake ni nyumbani. Mimi nikamuuliza, na wale watoto wa Newgate walikuwa wa nani? Hata hapa kwetu Kenya sheria inamruhusu mfungwa kukaa na mtoto wake gerezani hadi mtoto afike miaka 4. Mtoto huyo hakuiba kitu. Jirani yangu alinyamaza, ila sikumshawishi, na nakiri kwamba watoto wa Mama Fry nao walikuwa na haki ya kulalamika.

Elizabeth Fry alifariki tarehe 12 Oktoba 1845 huko Ramsgate, akazikwa Barking katika makaburi ya Marafiki. Watu zaidi ya elfu moja walihudhuria, wakasimama kimya.